Kungoja Magurudumu Yapoe

Harufu ya Jumamosi kwetu ilikuwa esansi, maana sisi petroli tuliiita hivyo, kwa Kifaransa. Wenzangu waliokulia mitaa ya Waafrika ya Élisabethville watakwambia Jumamosi ilinukia sabuni, au samaki wa kukaanga, na sitabishana nao. Mimi nikifumba macho nasikia esansi ile inayoacha baridi vidoleni, pamoja na grisi nyeusi iliyokaa ndani ya gurudumu kwa miezi. Baba yangu alikuwa dereva wa misheni. Aliendesha jeep ya mapadri, mojawapo ya yale magari ya jeshi yaliyouzwa vita vilipokwisha, na kwa kuwa barabara za kaskazini zilikuwa matope na mito tu, aliihudumia kwa wivu, kana kwamba kuna mtu aliyetaka kumpokonya. Nyumba yetu ilipakana na ua wa misheni. Nikimaliza kufua sare za shule, nilikwenda kukaa juu ya tairi na kumtazama.

Alipandisha gari kwa jeki, akavua gurudumu, akafungua kitovu chake, akatoa beringi: pete za chuma zenye vigololi ndani, ambazo bila hizo gurudumu haliwezi kuzunguka. Alizitia kwenye beseni la esansi akazisugua kwa brashi mpaka zing'ae. Beseni lenyewe, jamani, ndilo mama alilotuogeshea sote tulipokuwa wachanga, na mama hakuacha kulilia. Beringi zikikauka, baba aliweka bonge la grisi mpya kwenye kiganja cha kushoto, akashika beringi kwa mkono wa kulia na kuikandamiza ukingo wake kwenye grisi ile, mara ishirini, mara thelathini, mpaka grisi itokeze upande wa pili. Kupaka juu juu alisema ni kazi ya mtu anayetaka kulala porini. Mwisho aliweka pete ya kuzibia, ya sufi nene iliyoshindiliwa, ambayo kazi yake ni kuweka grisi ndani na kuacha maji nje.

Mwaka mmoja pete ya kuzibia ya gurudumu la nyuma la kulia ilikuwa imekwisha. Mpya iliagizwa Ubelgiji, na padri mkuu kila alipoulizwa alisema itafika. Basi siku moja baba aliingia ndani, akatoka na kofia yake nzuri ya Jumapili, ya sufi nene vilevile, akaiweka juu ya ubao na kukata humo pete kwa kisu cha viatu. Mama alishika kichwa.

"Sasa utaenda misa bila kofia, kama mutoto?"

"Na kanisani si banavulaka kofia?" baba alijibu bila kuinua macho.

Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Baba alikuwa na sheria yake moja, na kwa sheria hiyo madereva wengine walimwona mzembe. Hakuingia mtoni na magurudumu ya moto. Gari likikimbia siku nzima, vitovu vinachemka, na hewa iliyo ndani inatanuka. Ukivitumbukiza ghafla kwenye maji baridi, hewa ile inajikunja na kuvuta maji ndani, kama mtu anayenywa pombe kwa mrija. Kwa hiyo alisimama kabla ya kila kivuko, akashuka, akaweka kiganja kwenye kitovu na kusali Salamu Maria moja. Mkono ukivumilia mpaka Amina, tunavuka. Usipovumilia, tunangoja. Abiria walisonya, na hata padri kijana alisonya kwa Kilatini.

Mvua zilipokuwa zinaelekea kwisha, dereva wa lori la samaki alileta habari kutoka Pweto, kule kaskazini. Bibi yetu, mama yake mama, alikuwa kitandani, hali chakula, na alimwita mama kwa jina. Mama alikuwa binti yake pekee. Kwa bahati jeep ilikuwa na safari ya kupeleka dawa huko huko, na padri mkuu, ambaye moyo wake haukuwa mbaya, alitutafutia karatasi za ruhusa, mama na mimi, kwa sababu siku zile Mwafrika hakwenda popote bila karatasi. Tuliondoka alfajiri. Mama alikaa mbele, kifurushi cha nguo magotini, na njia nzima alizungumza na mama yake kimoyomoyo. Niliona midomo yake ikicheza.

Siku ya kwanza madaraja yalikuwa mazima. Siku ya pili tulikuta magogo ya madaraja yamechukuliwa na maji mahali patatu. Pa kwanza tulingoja. Pa pili tulingoja, mama akauliza kama bado. Pa tatu jua lilikuwa limefika utosini, na baba alipoweka mkono kwenye kitovu aliuondoa kabla hata hajafika katikati ya sala.

"Baba Agata, tuvuke," mama alisema. "Mama yangu iko anakufa, na weye uko unachunga chuma!"

"Tukikwama huko mbele, hatutafika hata kidogo."

"Tuvuke, nakuomba."

Baba alitikisa kichwa. Mama alishuka, akakunja kitenge, akavuka kwa miguu, maji yakimfika magotini, akaenda kusimama ng'ambo ametupa mgongo. Mimi nilibaki garini, sijui nimfuate nani. Nilimchukia baba siku ile, nasema kweli. Nilimchukia na mkono wake na sala zake. Tulikaa pale muda mrefu, mpaka mkono wa baba ukavumilia hadi Amina, ndipo tukavuka na kumpakia mama.

Tulifika Pweto jua likiwa limeinama, na kabla hatujaona nyumba tulisikia vilio. Mama aliruka gari likiwa bado linakwenda. Bibi alikuwa amekufa mchana, jua likiwa utosini. Shangazi mmoja wa mama alilisema hilo bila kujua, akidhani anatuliza, kwamba bibi alikwenda taratibu, saa ile ya jua kali, akiangalia mlango. Mama aligeuka akamtazama baba. Hakumtukana. Siku tatu za matanga hakumwambia hata neno moja, na chakula chake kilipelekwa na watu wengine.

Siku ya nne baba alipandisha jeep nyuma ya nyumba, karibu na vichanja vya samaki, ili akague magurudumu kabla ya kurudi. Nilikuwa nimekaa karibu. Alifungua la kwanza, la pili, la tatu: grisi ilikuwa nzima, nyeusi na nzito. Alipofungua la nyuma la kulia, ilitoka nyeupe kama uji wa mtoto. Pete ya kofia ilikuwa imelegea kama kitambaa cha kupangusia. Watengeneza kofia hukazia sufi kwa gundi, na gundi ile ilikuwa imeyeyuka kwenye maji. Baba alikaa chini, akaishika pete ile. Angeweza kuosha, kupaka grisi mpya, na kufunga. Nani angejua? Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na hiyo grisi nyeupe ningedhani ni ya kawaida.

Aliita, "Mama Agata, kuya."

Mama alikuja, macho yamevimba. Baba alimpakaza ile grisi nyeupe kiganjani.

"Angalia. Maji iliingia. Kofia yangu njo ilikosa. Nilikungojesha bure."

Mama aliisugua kwa kidole. "Na ile ingine tatu?"

"Iko kavu."

"Ungeniambia tu ile tatu."

"Ningeweza," baba alisema, akajifuta macho kwa mkono wenye grisi. Nilikuwa sijawahi kumwona baba akilia kabla ya siku hiyo.

Mama alijifuta kiganja kwa kitenge akarudi kwa waombolezaji. Sitadanganya kwamba alimsamehe palepale. Lakini jioni alimpelekea chakula kwa mkono wake mwenyewe, akakaa mpaka baba akamaliza. Na tulipokuwa tunarudi, kwenye kivuko cha kwanza, mama ndiye aliyesema tungoje.

Sasa nakaa Kasungami, pembeni mwa mji uleule, na mwezi uliopita gari la mwanangu, lile linalobeba mahindi yetu kutoka shambani, lilianza kunguruma gurudumu moja. Tulilipeleka kwa fundi kijana mtaa wa Bel-Air. Alitoa beringi yote akaitupa, akaweka nyingine iliyozibwa tangu kiwandani, nusu saa tu, mikono yake safi.

"Hii haifunguliwake, mama," aliniambia. "Ikiharibika, tunatupa."

"Na maji yakiingia, nitajuaje?"

"Utasikia iko inalia."

Nikamsimulia habari za baba, mkono juu ya kitovu cha gurudumu, na mama ng'ambo ya maji. Alisikiliza kwa adabu, akifuta spana zake, kisha akatabasamu.

"Bazee ba zamani," alisema, "balikuwa na wakati."

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Wakati ndio tulioukosa."