Nilionja Kwanza

Majirani wananiita mlevi. Mlevi hajui anachokunywa, mimi najua. Nifungeni macho, mnipe kata ya pombe ya uwele, nitawaambia kama kimea kilikaushwa vizuri au mpishi alikuwa na haraka zake, na kama maji yalichotwa kwenye kisima cha mchangani au kwenye bwawa la ng'ombe. Anayesema nimemaliza ujana wangu kwenye vyungu ananikosea adabu, hata kama ni binti yangu mwenyewe, ambaye siku hizi anakwenda kwa mapadre na kunywa chai.

Nilizaliwa Ugogo, kando ya njia ya misafara, na mama yangu aliwauzia wapagazi pombe. Nikaolewa na mpagazi wa Kinyamwezi, nikatembea naye miaka mingi, masufuria kichwani, kutoka pwani hadi ziwani na kurudi. Wanawake wenzangu walirudi na shanga na kaniki. Mimi nilirudi na ladha mdomoni. Bagamoyo nilikunywa tembo la mnazi, lile tamu la asubuhi na lile kali la jioni, na zerambo, ambayo huipata kwa kuchemsha tembo na kukinga mvuke wake tone kwa tone. Mara ya kwanza ilinishika koo nikadhani nimemeza kaa la moto. Kesho yake nikarudi kuitafuta. Tabora nilikunywa wanzuki ya asali, Ujiji tembo la mchikichi, na kwa watu wa ndizi nilikunywa rubisi nikakaa kwao muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kila tulipotua mizigo niliuliza nani anapika pombe hapa, nikaenda kukaa kwake, nikanusa, nikaonja, nikauliza maswali mpaka wanichoke. Mume wangu alikuwa akiwaambia wenzake kwamba yeye hakuoa mke, alioa koo.

Na kila mahali nilikuta desturi ile ile ya mama. Anayemimina huonja kwanza, mbele ya macho ya mgeni, ili mgeni aone hamna sumu wala uchawi. Mama hakuwahi kumpa mtu kata kabla hajatia mdomo wake. Mtu akikupa kinywaji bila kukionja humuulizi kwa nini. Unanyanyuka, unaaga, na kufikia jioni majirani wote wanajua nyumba ile si ya kunywa.

Mume wangu alikufa kwa homa njiani, nikamzika, nikarudi kwetu. Haukupita muda reli ya Wadachi, hao Wajerumani, ikafika Dodoma na misafara ikafa nayo. Sikulia. Penye reli kuna watu, na penye watu kuna kiu. Nikajenga kibanda changu karibu na kambi ya wajenzi, nikaanza kupika.

Hapo kambini kulikuwa na Mgiriki mmoja, msimamizi wa vibarua aliyefungua na duka. Alipenda wanzuki yangu, nami nilipenda chupa zake. Alikuwa na pombe ya kwao, nyeupe kama maji, inayonukia shamari, na ukiitia maji inageuka kuwa kama maziwa. Nilipoiona ikigeuka mara ya kwanza nilicheka mpaka nikakaa chini. Basi nikaanza kuchezea. Asali kutoka upande wa Chemba, ukwaju uliolowekwa na kukamuliwa, unga wa ubuyu kidogo ili kinywaji kiwe kizito, halafu pombe ya Mgiriki. Kijiko hakikuweza kuvichanganya vikashikana. Nikachukua kibuyu cha kusukia maziwa, chenye shingo nyembamba, nikakisukasuka gotini kama mama zetu wanavyosuka siagi. Kikatoka kinywaji chenye povu, chachu na tamu kwa pamoja, kinachopita kooni kwa upole na kukugonga kichwani baadaye.

Sasa, serikali ilikuwa na amri. Pombe ya kuuma, ile ya chupa, mtu mweusi haruhusiwi. Ya vyungu tunywe, ya chupa ni yao. Mimi niliyeonja kuanzia baharini mpaka ziwani niambiwe ulimi wangu haustahili! Nilikunywa ya kwangu mlangoni, mchana kweupe, na askari wakipita waliona mama wa Kigogo na kibuyu chake cha maziwa. Mmoja alinisifu kwamba ng'ombe wangu wananenepa. Sikuwa na ng'ombe hata mmoja.

Mgiriki ndiye aliyeniponza, kwa kujisifu. Bwana mkubwa wa boma alipata wageni kutoka pwani, na Mgiriki akawaambia kuna kinywaji Dodoma ambacho hawajakinywa popote. Nikaitwa nyumbani kwa Mgiriki. Ndani wamekaa Wazungu kwenye viti, nje wamekaa wazee wetu wa Kigogo kwenye ngozi, maana nao walialikwa, wakisubiri vyungu vya uwele nilivyowaletea. Mlango ulikuwa wazi, kila mtu anamwona mwenzake. Nikasuka kibuyu, nikamimina kata ya kwanza, nikaipeleka mdomoni.

"Simama!" bwana mkubwa akasema. Kiswahili alikijua vizuri, ila alikisema kama anayehesabu mizigo. "Wewe mimina tu. Usionje. Unajua amri."

"Bwana mkubwa, kwetu anayemimina ndiye anayeanza."

"Kwenu ni wapi?"

"Hapa hapa, bwana."

Mmoja wa wageni alicheka. Bwana mkubwa hakucheka. Mgiriki akanisogelea, uso umemtoka jasho, akanong'ona, "Mama, nakusihi. Watanifungia duka."

Nilimhurumia, sisemi uongo. Lakini niliangalia nje, nikawaona wale wazee, macho yote kwenye mkono wangu. Walinijua tangu nikiwa mtoto wa mama yangu. Nikimpa mtu kinywaji bila kukionja, mbele yao, basi kuanzia siku ile hakuna Mgogo atakayekunywa kwangu, na sitakuwa na neno la kumlaumu. Jina la kibanda changu lilikuwa pale, ndani ya ile kata. Tena nilikuwa na hasira. Asali nimetafuta mimi, ukwaju nimekamua mimi, mkono umeniuma mimi kwa kusuka, halafu mtu aje aniambie nimimine kama bomba la maji!

Nikanywa. Sikupiga funda moja la haraka la mtu anayeiba. Nilikunywa taratibu, kwa sababu kilikuwa kizuri, pengine kizuri kuliko vyote nilivyowahi kusuka. Nikafuta midomo, nikamnyooshea bwana mkubwa kata kwa mikono miwili, kama nilivyofundishwa.

Aliipiga ikaruka. Kinywaji kikamwagika kwenye sakafu ya Mgiriki, na nasema wazi kwamba hilo liliniuma kuliko yaliyofuata. Yaliyofuata ni kwamba askari walipelekwa kibandani wakavunja kila chungu, na kibuyu changu cha kusukia wakakikanyaga. Mimi nikafungwa bomani. Nilifagia uwanja wao na kuchota maji yao mpaka mvua zilipoanza, na kila asubuhi bwana mkubwa alipita bila kunitazama. Mgiriki duka hawakulifunga. Faini alilipa yeye, mnyororo nikavaa mimi.

Walipoitoa miguu yangu kwenye mnyororo nilirudi kibandani nikakuta paa limeinama. Wiki ile ile nilikuwa napika tena, kwenye debe la mafuta ya taa lililosuguliwa kwa mchanga. Pombe ilikuwa na harufu ya debe, mbaya kabisa, nami niliona aibu kuitoa. Hata hivyo wale wazee walikuwa wa kwanza kuja. Nikaonja mbele yao, nikakunja uso. Wakacheka, wakanywa yote. Mgiriki naye aliniletea chupa mbili, nikazipokea, na moja nikaifukia chini ya kitanda.

Halafu vita ikaja. Ng'ombe walichukuliwa, mtama ukachukuliwa, vijana wakachukuliwa kubeba mizigo. Nafaka ya kupika pombe ikawa hadithi. Watu hawakuficha tena chuki, na Wadachi walijua. Kukawa na maneno kwamba mahali fulani askari wao walikunywa maji ya kisima kilichotiwa sumu wakafa, na mpaka leo sijui kama ni kweli.

Mchana mmoja wa vumbi walipita wakirudi nyuma, wanawakimbia Waingereza. Mtu akasimama mlangoni kwangu akiwa na askari watatu. Sikumtambua mara moja. Ndevu zilikuwa zimemwota ovyo na midomo imepasuka. Ni sauti ile ya kuhesabu mizigo ndiyo niliyoitambua, aliposema, "Mama, una kitu cha kunywa?"

Sikuwahi kuitwa mama na mtu yule.

Nilikuwa na maji kidogo, na ningeweza kumpa hayo. Badala yake niliinama chini ya kitanda nikafukua chupa ya Mgiriki, nikaiweka katikati ya sakafu aione vizuri. Nikatoa asali iliyobaki, ukwaju, ubuyu, na kibuyu kipya nilichokwisha kukizoesha mkono. Nikasuka. Alitazama ile chupa muda wote. Nikamimina, povu likapanda, nami kwa makusudi sikuonja. Nikamnyooshea hivyo hivyo, kwa mkono mmoja.

Aliipokea, akaisogeza mdomoni, akasita. Akawatazama askari wake, akanitazama mimi, akanirudishia kata.

"Onja kwanza," akasema.

"Na amri, bwana mkubwa?"

 Aliiashiria kata kwa kidevu.

Nilionja. Nilikunywa nusu ya kata kama mtu mwenye siku nzima mbele yake. Nikalamba midomo, nikasema ukwaju umezidi, nikaongeza asali kwa kidole, nikaonja tena. Askari wake waliangalia miguu yao. Ndipo nikampa, naye akanywa kwa pupa, pale pale ukingoni nilipotoa mdomo wangu.