Pua ya Priscah

Priscah alikaa kisiwani Remba, Ziwa Victoria, miaka kumi na mmoja akinunua samaki aina ya mbuta, na aliporudi bara alileta vitu viwili: mgongo mbovu na pua kali. Mgongo haukumsaidia kitu. Pua ilimpa heshima. Aliinamia kreti, akavuta pumzi mara moja, akakwambia samaki alivuliwa jana au juzi. Mvuvi aliyetaka kubisha alibisha kwa sauti ya chini.

Ndiyo maana maabara moja ya utafiti mjini Homa Bay ilipotafuta mtu wa kutunza friza zake, ilimchukua yeye. Sisi tuliofanya kazi humo tulicheka: mama wa samaki kati ya makoti meupe! Akatufunga midomo kwa miaka minne ya kazi safi, na mwezi wa sita mwaka huu alikuwa apewe mkataba wa kudumu.

Mwezi wa tatu ikaja chupa ya urefu wa kidole, imetoka ng'ambo. Unga uliokuwa ndani ulikuwa kidogo mno, hata Priscah akauliza kama tumeuziwa chupa tupu. Byron, kijana wa Rongo anayesomea shahada ya pili, akamweleza bila kumdharau. Kila seli ya mwili, alisema, ina protini zinazokaa juu ya ngozi yake. Hii ni mojawapo, nayo imejaa kwenye seli za ile saratani inayovimbisha watoto taya. Haikutolewa kwa mtu yeyote. Wataalamu walichukua maagizo ya mwili wa binadamu, wakazipa seli zinazofugwa maabara, nazo zikaitengeneza. Byron alitaka kujua kama dawa anayoichunguza inaweza kuishika. Akaukoroga ule unga kwa maji, akaugawa katika vichupa ishirini, akavigandisha.

"Mama Lorine," alimwambia Priscah kwa jina la mwanawe, "hii kitu isiyeyuke kabla mimi nitoe. Stima ikipotea, nipigie."

"Daktari, barafu ni kazi yangu."

Jumamosi moja stima ikapotea saa tatu asubuhi, na jenereta ikakataa kuwaka. Byron alikuwa kwao, wanamzika nyanya yake. Priscah alishika simu, kisha akairudisha mfukoni. Kwetu mtu aliye matangani hasumbuliwi na mambo ya kazi. Stima iliporudi saa tisa, vichupa vyote vilikuwa maji. Akafanya alilolijua: akafungua kimoja, akanusa. Hakikunuka chochote. Remba, samaki asiyenuka huongezwa barafu akasafirishwa, na Kisumu humla wakashukuru. Akakifunga, akaiacha friza igandishe upya.

Jumatatu Byron akauliza, "Mama Lorine, friza iko sawa?"

"Iko sawa."

Hakudanganya. Friza ilikuwa sawa kabisa.

Kipimo cha Byron hufanywa kwenye kisahani chenye visima vidogo vidogo. Dawa ikiishika protini, kisima hugeuka njano. Hakikugeuka hata kimoja. Akarudia mara sita. Mkuu wetu, Daktari Nyarangi, akamwambia mbele ya watu kwamba huenda mikono yake si ya kazi hii, na mwisho wa mwezi nafasi yake atapewa mwingine. Byron akaacha kula chakula cha mchana.

"Protini ikiyeyuka ukaigandisha tena, inaweza kuharibika umbo, dawa isiitambue," alimwambia Priscah, akiosha mikono. "Lakini yetu haikuyeyuka. So ni mimi tu."

Hapo ndipo Priscah alipojua kwamba kosa lilikuwa lake. Akanyamaza siku tatu, na mpaka leo nina hasira naye kwa siku hizo tatu. Mficha uchi hazai, lakini mwenye mkataba mezani hufikiri mara mbili. Siku ya nne akabisha hodi kwa Nyarangi.

"Daktari, ile protini iliyeyuka. Mimi ndio niliwacha igande tena. Si mikono ya Byron."

"Na umekaa kimya wiki ngapi?"

"Sita."

Nyarangi hakumfokea. Aliagiza chupa nyingine, akambakisha Byron, na mkataba wa Priscah hakuutia sahihi. Alisema kosa la kuyeyuka angelisamehe. Kunyamaza baada ya kujua imeyeyuka, hapana.

Siku ya mwisho ya Priscah kazini, Byron alimfuata stoo mbio. "Mama Lorine, kuja uone!"

Visima vilikuwa njano, safu nzima. Priscah aliinamia kisahani, akavihesabu.

"Kwa hivyo inashika?"

"Inashika."

Priscah akamkumbatia, akasema amefurahi, na alikuwa amefurahi kweli. Kisha akakaa juu ya kreti akalia, kwa sababu kazi ile aliipenda, na kesho yake ilikuwa ya mtu mwingine.