Kisima Mlangoni mwa Jiko

Kila asubuhi, kabla hajavaa buibui la kwenda chuoni, Swabra alikaa nyuma ya bibi yake akamchana nywele, na Bi Barke akamwingiza nyumbani kwa maneno. Si humo mwa mabati walimopanga, nyuma ya diko la samaki. Nyumba ile nyingine, ya mawe, mtaa wa juu, alimoletwa akiwa bibi harusi kutoka kisiwa cha Chovai, na aliyoikimbia mwaka wa vita na mimba tumboni na sufuria mkononi.

"Ingia," Bi Barke alisema.

"Salaam aleikum. Nimeingia."

"Waona n'ni?"

"Daka la kuingilia. Baraza mbili za mawe, huku na huku."

"Mchu akija, mgeni, hukaa hapo. Enda mbele."

"Ukumbi. Vidaka vitatu ukutani, cha kati cha msahafu wa Babu. Kisha ua. Jiko mkono wa kushoto, na kisima mlangoni mwa jiko."

"Maji yake?"

"Matamu. Hayana chumvi hata kidogo."

"Haya toka, mwanangu, usije ukachelewa."

Watoto wengine wa Kismayu, wa koo za Kisomali, husomeshwa majina ya mababu, mmoja juu ya mwengine, mpaka yule wa mwanzo. Swabra alisomeshwa vyumba. Alisomeshwa tangu Mombasa, alikozaliwa, na alikobaki mama yake na mume mwengine Bi Barke aliposema atarudi kwao akafe huko, na mjukuu akafuata. Nyumba yenyewe walikuta ina watu na geti la bluu. Bi Barke aliitazama mara moja kutoka upande wa pili wa barabara, akasema jua kali, warudi.

Mombasa Swabra alikuwa mtoto wa maneno mengi, mpaka jirani wakimwita redio. Huku, ambako Mbajuni hana wa kumtetea, kila mwaka alijifunza neno jengine la kumeza, na bibi yake akimsifu, "Umekuwa mkubwa sasa." Simu ya mama ikilia mbele za watu, aipokee kwa Kibajuni ama aikate? Akiulizwa kwao wapi, ataje kisiwa ama ataje mtaa tu? Aliikata. Alitaja mtaa. Mambo madogo, hata hayamnyimi mtu usingizi, lakini jioni alijiona kama nguo iliyofuliwa mara nyingi.

Chuo cha uuguzi nacho alikipata kwa kusimamiwa. Mtu asiye na jamaa wenye nguvu mjini lazima apate wa kumsemea, na aliyemsemea ni Maalimu, naibu wa mkuu wa chuo, baba yake Hanan, rafiki aliyekaa naye dawati moja tangu shule. "Huyu ni wetu," Maalimu aliwaambia wenzake, na mambo yakaisha. Siku Hanan alipomwonyesha kwao, Swabra aliona geti la bluu. Akasema, "Pazuri," akaendelea kutembea.

Alialikwa mara nyingi akakataa. Mtihani wa mwisho ulipokaribia, Hanan akaja juu. "Wewe kwetu kuna mbwa? Twende tusome." Swabra akaenda. Alijiambia ni kwa ajili ya mtihani.

Daka lilikuwa duka la simu. Vidaka vilikuwa vimezibwa kwa saruji, ukutani pana televisheni. Walikaa uani juu ya jamvi, Swabra akichora moyo wa binadamu na mishipa yake.

"Walaal, dada yangu, moyo huo una vyumba vitano!" Hanan alicheka. "Wa mtu ama wa ngamia?"

Swabra akafuta, akainama kuchora upya. Mama yake Hanan alitoka jikoni na ndoo tupu, akalalamika kwa Kisomali kwamba mkokoteni wa maji haujapita tangu jana. "Nipikie mate sasa?"

"Si mfunue kisima hapo mlangoni mwa jiko, mama," Swabra alisema, macho kwenye karatasi. "Maji yake ni matamu."

Penseli ikasimama yenyewe.

"Kisima gani?" Mama yake Hanan alitazama sakafu ya vigae vinavyong'aa. "Mtoto ana njaa huyu. Hapa hapajawahi kuwa na kisima."

"Kipo," Maalimu alisema. Alikuwa amesimama mlango wa ukumbi na gilasi ya chai. "Alikiziba marehemu baba." Kisha akamgeukia Swabra, kwa upole ule ule wa darasani. "Binti, nani alikwambia?"

Angeweza kudanganya. Uongo wa kutosha alikuwa nao, wa miaka. "Bibi yangu," alisema.

Kesho yake chuoni Maalimu alimwita pembeni, chini ya ngazi. Hakufoka. Alisema watu wameanza kurudi kutoka Kenya na Ulaya wakidai majumba, na yeye ana watoto. Ijumaa baada ya swala amlete bibi yake mbele ya wazee wa mtaa. Aseme nyumba waliiuza kwa hiari. "Maneno mawili tu. Ukimaliza hapo, mtihani utaufanya kama wenzako. Ukikataa, nani mwengine atasema wewe ni wake?"

Swabra hakukusudia kumwambia bibi yake. Lakini Bi Barke alimwona ameketi na buibui bado mwilini, akamtoa neno kwa neno mpaka la mwisho.

"Vidaka viko?"

"Viko, Bibi."

"Alhamdulillahi. Nitasema. Usome wewe, upate kazi."

Akaanza kujizoeza hapo hapo, akipara samaki. *Tuliuza. Tuliuza kwa hiari yetu.* Neno la hiari lilimkwama kila mara, akakohoa, akaanza tena. Asubuhi Swabra alikaa nyuma yake na kitana, akangoja kuambiwa aingie. Bi Barke akainamisha kichwa achanwe. Kuchana kulipokwisha, Swabra akamuuliza, "Bibi, leo hatuingii?"

"Nyumba ya watu," Bi Barke alisema. "Twaingia kufanya n'ni?" Alikuwa akitazama mlango kama mgeni asiyejua atoke ama akae.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Darasani Maalimu alikuwa akigawa namba za kukalia mtihani. Alipofika kwa Swabra alimwekea yake juu ya dawati, akaizuia kwa kidole.

"Kesho, inshallah?"

Hanan aliangalia kucha zake. Swabra alimtazama yule mzee, uso wa mtu aliyemsemea siku ile na watu wakamwamini. Akaona kwamba akisema ndiyo atapata kazi, na bibi yake ataishi miaka iliyobaki akikohoa lile neno.

"Bibi yangu hakuuza," alisema. Alilisema kwa Kibajuni, kwa sauti, na darasa lote likageuka.

Maalimu akaondoa ile namba.

Swabra akasimama, akatengeneza mtandio, akapita katikati ya madawati. "Swabra, keti basi, usiwe mjinga," Hanan alimnong'oneza, akimvuta buibui. Akalitoa taratibu mkononi mwake. Nje mlinzi alimuuliza mbona mapema, akamwitikia salamu tu. Akapita getini, kumwambia bibi yake kesho hawaendi kwa wazee, na chuoni pale hakukanyaga tena.