Gari Lililomkohoza Kuluthumu

Zaidi alikuwa karani wa ghala katika shirika moja la umma mjini Dodoma, mpaka shirika lilipobinafsishwa naye akapunguzwa kazini. Kiinua mgongo chake alikigeuza kuwa Korola iliyotumika Japani, akaanza kuendesha teksi, akipakia abiria wa treni na wageni wa Bunge. Mkewe, Kuluthumu, alikuwa na pumu tangu utotoni kwao Kondoa. Kwa hiyo gari lile halikuwa la riziki tu. Ndilo lililomkimbiza hospitali kila kifua kilipombana.

Mwaka huo, upepo wa Agosti ulipoanza kuinua vumbi pale Mkonze walikokuwa wakiishi, gari nalo likaanza vituko. Taa ya injini iliwaka ikagoma kuzimika. Petroli ikawa haikai, ekzosi ikatoa moshi mweusi wenye harufu kali. Kuluthumu akipanda, anakohoa kabla hawajafika barabarani.

Rafiki wa Zaidi, Matonya, fundi wa magari, alilikagua akatikisa kichwa.

"Sensa ya oksijeni imekufa. Ndiyo inayoupima moshi ili injini ijue iongeze mafuta au ipunguze. Sasa injini inajinywea tu."

Alimwonyesha ilipo, akaagiza nyingine kutoka Dar es Salaam. Ilipofika, Matonya alikuwa Gulwe msibani. Zaidi akamngoja, lakini kila alipomsikia mkewe akikohoa ndani, roho ilimruka. Jumamosi asubuhi akaamua kuibadilisha mwenyewe uani.

Aliwasha injini kidogo ili chuma kipate moto, akaizima, akachomoa waya wa betri. Akaweka spana. Sensa haikutikisika. Akaipaka mafuta, akasubiri, akavuta tena huku akijiuliza, je, ikikatikia humohumo? Jasho likamwingia machoni. Mwishowe ikalia kwa mlio wa kutisha, ikaanza kuzunguka, ikatoka nyeusi tii kwa masizi.

Hata hajafurahi, jirani yao Dorkasi akatokea mlangoni mbio.

"Baba Salima! Mama Salima kabanwa! Ile dawa yake ya kupuliza imeisha!"

Zaidi alisimama, sensa mbovu mkononi, tundu la ekzosi wazi mbele yake. Kama angeliwasha gari hivyo, moshi wote ungeingia ndani na kummaliza mkewe. Jirani mwenye gari hakuwepo, na Kuluthumu asingeweza kutembea mpaka barabarani.

Akaichukua sensa mpya. Akaipachika kwa pupa, ikakaa upande. Akaitoa, akaanza upya. Ikakaa upande tena. Alijua akilazimisha tu, nyuzi za kuikazia zitaharibika na gari halitaondoka pale.

Dorkasi alikuwa amemtoa Kuluthumu jikoni na kumkalisha kwenye kizingiti. Kifua kilipiga filimbi, midomo imepauka, lakini alikuwa akimtazama mumewe.

"Pole...pole," akasema, kila neno kwa pumzi yake. "Bado...nipo."

Zaidi akafumba macho, akaizungusha sensa kwa ncha za vidole kama anayefunga kifuniko cha chupa ya mtoto. Ikashika. Ikaingia sawasawa. Akaikaza, akachomeka waya zake, akarudisha wa betri, akaruka kwenye usukani.

Injini ikaitika bila kutapika moshi. Taa haikuwaka. Lakini hakuthubutu kuamini; njia nzima jicho moja lilikuwa barabarani, jingine likirukia kwenye dashibodi, na masikio yote yakiwa kwenye kifua cha mkewe, aliyelala kwenye mapaja ya Dorkasi kiti cha nyuma. Kila filimbi ilipokatika kidogo, Zaidi aliita, "Mama Salima?" Naye alijibu kwa kugonga kiti kwa vidole.

Hospitali walimvalisha kinyago cha mvuke wa dawa. Zaidi akasimama ukutani, mikono myeusi kifuani, akiogopa hata kugusa shuka. Muda ukapita. Filimbi ikalegea, ikafifia, rangi ikarudi midomoni. Kuluthumu akakishusha kinyago kidogo.

"Nani kaepua maharage?"

Zaidi na Dorkasi wakatazamana. Hakuna aliyeyakumbuka. Zaidi akaanza kucheka, na kicheko kikageuka machozi. Akatoka nje haraka ili mkewe asimwone anavyolia.