Jicho la Darini na Zulia la Isfahan

Arpineh Shahverdian ni bingwa wa kuzima taa. Ukimwuliza kazi yake atakujibu hivyo hivyo, kisha atasubiri ucheke. Ukicheka umekwisha, maana atakuketisha akueleze mpaka chai ipoe. Kuwasha taa ya duka, asema, hata mtoto anaweza. Kazi ni kuifanya ijizime yenyewe pale isipohitajika, na mwenye duka asigundue kwamba kuna kilichotokea.

Meza yangu na yake zinatazamana ofisini, hapa Glendale. Yeye anaamua taa gani itii nini, mimi nachora nyaya. Kwetu ni Tanga, lakini nimekaa na hawa Waarmenia wa California mpaka nami sasa nagombania kulipa bili mkahawani kana kwamba ni heshima ya ukoo. Wananiita Mwanaidi jan. Hiyo jan ni neno la mapenzi wanalolibandika kwenye jina la kila mtu, hata la yule wanayemgombeza.

Sheria ya huku ya kubana umeme haina mchezo. Duka jipya halipati kibali cha kufunguliwa mpaka taa zake zipite mtihani. Zilizo karibu na dirisha zififie zenyewe jua likitosha, za stoo zizimike mtu akitoka, za kupambia bidhaa ziwe na swichi yake, na aje mpimaji mwenye cheti ayaone yote hayo kwa macho yake. Watu wengine wana mpira, Arpineh ana sheria hiyo. Anaijua kifungu kwa kifungu, na wenye maduka wakimjia wakilalamika huondoka wakishukuru, wala hawajui wameshukuru nini.

Ni mtu mmoja tu ambaye Arpineh hakuweza kumshawishi, na kwa bahati mbaya ndiye pekee aliyetaka kweli kumshawishi: baba yake.

Mzee Razmik anauza mazulia, kama baba yake alivyouza mazulia Isfahan, kule Iran. Alitaka binti yake wa pekee alirithi duka, na binti akaenda kusomea umeme. Tangu hapo watu wakimwuliza habari za Arpineh, mzee hujibu, "Mzima. Anacheza na swichi." Nimekula mezani kwao mara nyingi, nimelisikia hilo neno swichi likitamkwa kama jina la ugonjwa. Arpineh hucheka pale pale. Kesho yake ofisini huukosoa kila mchoro wangu mpaka mchana. Linamuuma, na linaniuma mimi pia, kwa sababu nampenda.

Mwaka huu jengo la duka la zamani liliuzwa, mzee akapata jipya mtaa wa pili, lenye kioo kipana upande wa mbele ambako jua hushinda siku nzima. Duka jipya lazima lichorewe taa. Mzee alitaka kazi ampe mpwa wake Vahik, fundi wa kila kitu asiyemaliza hata kimoja. Ikabidi mkewe amkazie macho wakati wa chakula, naye akanywea.

"Haya, chora," alimwambia binti yake, huku akijivutia sahani ya dolma, yale majani ya mzabibu yaliyofungiwa nyama. "Lakini nisikilize vizuri. Taa zako zikiniaibisha kwa wateja, nazing'oa zote, namwita Vahik, na habari za swichi zisitajwe tena mezani kwangu."

"Na zisipokuaibisha, Baba?"

"Zisiponiaibisha ndiyo kazi ya taa hiyo. Unataka nizipigie makofi?"

Arpineh alilichora duka lile kama mtu anayeshona gauni la harusi yake mwenyewe. Alibishana na mimi juu ya nyaya ambazo hakuna binadamu atakayeziona. Katikati ya duka, pale mzee anapotandazia mazulia, aliweka darini kile kidude ambacho sisi wa kazi hii tunakiita jicho. Ni kidogo, hakizidi kifuniko cha chupa ya maji, na kina shingo inayozunguka. Kinatazama chini. Mwanga ukirudi mwingi kutoka sakafuni kinaelewa kwamba jua limetosha, kinafifisha taa. Ukirudi kidogo, kinaziongeza. Ila lazima kwanza kifundishwe, mwanga mwingi ndio upi na mchache ndio upi.

Alikifundisha siku ya Jumapili, baba yake akiwa kanisani, asije akatuletea ushauri. Sakafu ilikuwa saruji tupu. Nilimshikia ngazi. Wingu likipita taa zilipanda, jua likitoka zilishuka, pole pole kabisa, na Arpineh akashuka ngazi akiimba. Mpimaji angekuja Alhamisi. Jumamosi padri angebariki mkate na chumvi, duka lifunguliwe.

Jumatatu mazulia yakaingia. Jumanne asubuhi simu ya Arpineh ikalia, na sauti ya mzee nikaisikia kutoka mezani kwangu.

"Taa zako zinanichukia."

"Taa hazichukii mtu, Baba. Zimefanya nini?"

"Natandaza zulia jekundu la Kashan, zinawaka kama uwanja wa ndege, na nje jua tele. Nalitandaza la Isfahan, lile la hariri, la babu yako, zinanywea. Zinanywea, Arpineh! Zulia la maisha yangu linaonekana kama tambara la deki."

"Umegusa swichi?"

"Mimi niguse swichi? Mimi?"

Tulikwenda. Arpineh alikagua nyaya zote, zilikuwa sawa. Akakagua kompyuta inayoziendesha taa, nayo sawa. Kila alipopanda ngazi mzee aliyakunja mazulia yake yasikanyagwe na ngazi, sakafu ikabaki tupu, na taa zikawa na adabu kama watoto mbele ya mwalimu. Tulipoondoka tu, simu.

"Zimeanza tena."

"Baba, labda ni macho yako."

Hilo hakupaswa kulisema. Mzee alikata simu, na jioni mama yake Arpineh akatuarifu kwamba Vahik ameshaanza kupima duka kwa hatua za miguu. Mtoto wa nyoka ni nyoka: baba mkaidi amezaa mkaidi mwenzake, na hakuna hata mmoja aliyetaka kwenda kusimama alipo mwenziwe na kuangalia anachokiangalia.

Alhamisi alikuja mpimaji, Rogelio Fuentes, mtu mpole mwenye kipimo cha mwanga kinachoning'inia shingoni. Arpineh alikuwa amevaa koti la sherehe. Mzee alikuwa ameketi juu ya mlima wa mazulia, mikono kifuani, anasubiri kuaibika. Safari hii alikataa kukunja chochote.

"Hili ni duka la mazulia," alisema. "Kama wanakagua duka la saruji, waende kwingine."

Jekundu la Kashan lilikuwa limetanda chini ya jicho. Nje jua lilikuwa linachoma. Rogelio akatazama dirishani, akatazama juu, akatazama kipimo chake.

"Dada, hizi zinawaka zote," alisema. "Jua lote hili, zilipaswa ziwe zimeshafifia. Hivi siwezi kupitisha."

Arpineh alivuta ngazi akague tena. Kabla hajaipanda, mlango ukafunguliwa, akaingia Bibi Knarik, mteja wa miaka yote wa mzee Razmik. Aliwahi kununua zulia moja, na tangu siku hiyo anakuja kunywa kahawa na kuyatia kasoro mengine.

"Razmik jan, nasikia umehamia kwenye friji la vioo. Lile la Isfahan liko wapi? Au umeshamuuzia mtu asiye na macho?"

Kumwambia muuza zulia asubiri mpaka mtihani uishe ni kumwambia jogoo awike kesho. Mzee aliruka chini, akalibeba zulia la hariri, akalirusha juu ya lile jekundu. Taa zikafifia.

"Ee, mbona giza?" alisema Bibi Knarik. "Unaficha kiraka?"

"Kiraka! Njoo huku uone." Mzee alishika pembe mbili, akalizungusha zulia lote kichwa kikaenda miguuni, kama wafanyavyo wauzaji wote, kwa kuwa nyuzi za zulia hulalia upande mmoja. Ukilitazama kutoka upande mmoja linang'aa, ukilitazama kutoka wa pili limekolea. Alipolizungusha, taa zikapanda. Bibi Knarik akataka kuona tena. Akalizungusha, zikashuka.

"Baba," alisema Arpineh. "Zungusha tena."

"Usinidharau mbele ya mteja."

"Sikudharau, Baba. Nakuomba. Zungusha tena."

Akazungusha. Zikapanda. Arpineh akaketi chini pale pale na koti lake la sherehe, akacheka mpaka akashika ubavu.

"Ni zulia," alisema. "Nimekifundisha kwa saruji! Mimi, niliyekua nikilala juu ya mazulia, nimeliwekea jicho duka la mazulia na mazulia nikayasahau. Hilo la hariri linarudisha mwanga, basi jicho linadhani jua limezidi. Jekundu linaumeza, linadhani usiku umeingia."

Mzee alimtazama binti yake, kisha akatazama darini. Uso wake ulianza kufunguka.

"Ngoja," alisema. "Hicho kidude kinajua upande wa nuru na upande wa kiza?"

"Kinajua, Baba."

"Hata mpwa wangu Vahik hajui!" Akamgeukia Rogelio. "Umesikia? Miaka yote natafuta mtu mwenye jicho la zulia, kumbe yuko darini!"

Arpineh alikuwa ameshapanda ngazi. Alishika shingo ya jicho ili aigeuze itazame dirishani, jua lenyewe, siyo kilicho sakafuni.

"Unafanya nini? Kiache!"

"Nikikiacha hupati kibali."

"Kiache, nitaongea na huyu bwana. Bwana, unakunywa kahawa?"

"Mzee, nakunywa," alisema Rogelio, "lakini taa bado zimefeli."

Tukabishana pale, baba chini, binti juu, Bibi Knarik akimsaidia yeyote aliyekuwa anashindwa. Mwishowe jicho liligeuka. Arpineh akalifundisha upya, tukavuta pazia na kulifungua. Rogelio akamwomba mzee atandaze jekundu, kisha la hariri, kisha alizungushe, na mzee akazungusha kwa unyonge kama mtu aliyeondokewa na mfanyakazi hodari. Taa hazikutikisika. Zilikuwa zimefifia kiasi chake, jua lilikuwa linafanya kazi yake, na zulia la Isfahan lilikuwa linang'aa kila ua mahali pake. Rogelio akatia sahihi.

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee alikuwa amesimama kwenye ncha ya zulia, anatazama. Arpineh alikuwa bado ngazini, anamtazama baba yake. Niliijua ile sura. Ndiyo anayokuwa nayo likitajwa neno swichi.

Bibi Knarik alizunguka zulia mara mbili, akakosa kasoro, akaudhika kidogo.

"Razmik, mwanangu anafungua duka la viatu mwezi ujao, na huyo fundi wake anamzungusha tu. Nani kakuwekea hizi taa?"

Mzee Razmik alijinyoosha, akafunga kifungo cha koti, akashusha sauti yake ile anayoitumia bei ikiwa kubwa.

"Binti yangu," alisema. "Lakini hapokei kazi ya kila mtu, Knarik jan. Mwambie mwanao aje kwangu kwanza, anywe kahawa. Nitaongea naye nione."

Nilimtazama Arpineh. Alikuwa amegeukia darini, akikaza shingo ya jicho ambayo alikwisha kuikaza, na alikawia sana kushuka.