Bata Mwenye Jicho Jekundu

Harufu ya chisense, wale dagaa wa Ziwa Mweru, wakianikwa mchangani bado hunirudisha Nchelenge, Zambia, ya mwishoni mwa miaka ya sabini, kwa kaka yangu Bwalya, amekaa kizingitini na bata wa plastiki mapajani. Bata aliokotwa ufukoni, tumbo limetoboka. Bwalya alimtia betri mbili ndogo, waya, na kitaa chekundu kidogo kuliko punje ya hindi, alichokitoa kwenye redio iliyokufa. Siku hizi wanakiita LED. Sisi tulikiita jicho. Betri zikigeuzwa hakiwaki, na Bwalya alihangaika kutwa nzima mpaka akaligundua hilo. Kisha akaziba tundu kwa nta ya mshumaa, akamweka bata kwenye beseni. Akaelea, jicho linawaka. Mama aliacha kusonga nshima aje kutazama.

Bayama Mwape, mjomba wetu, naye alitazama. Yeye alitega nyavu jioni na kuzifuata kabla ya kucha, na gizani boya lake la mti lilimpotea kila mara.

"Leta hiyo bata, mutoto. Itumike kazi, isicheze ndani ya beseni."

Kwetu mjomba habishiwi. Akamfunga bata kwenye wavu kwa kamba ya Kasongo, mchuuzi kutoka ng'ambo, Kongo, aliyeuza kamba zilizoozea juani huku akiapa, "Hii kamba iko nguvu, ndugu. Hata mamba ataiacha." Kasongo alijua. Nyavu zake mwenyewe hakuzifunga kwa kamba ile.

Alfajiri tulitoka watatu, mimi nikikumba maji kwa kopo. Jicho tuliliona mbele. Tukapiga kasia, likabaki mbele vilevile, na upepo ulikuwa unatoka nchi kavu.

"Bayama, bata inatembea," Bwalya akasema. "Kamba imekatika. Turudi."

"Taa ya wavu haitembei. Ni macho yako ndiyo inatembea. Piga kasia."

Tukapiga kasia mpaka mahali ambapo mawimbi hayana huruma, na mtumbwi ukapinduka. Mimi na Mwape tulishika ubavu wake. Bwalya alikuwa mbele, hatukumwona tena.

Kwenye matanga Mwape aliwaambia watu kwamba mtoto alijitengenezea taa ya mashetani, ikatuvuta. Wakaamini. Hata Mama akaamini, na hilo ndilo linaloniuma kuliko maji. Bata alipotupwa ufukoni na mawimbi, kipande cha kamba kilikuwa bado shingoni, nyuzi zake zimeoza. Niliwaonyesha. Hakuna aliyetaka kutazama.

Sasa Mwape ni mzee, kanisani anakaa benchi la mbele. Madukani wanauza bata wenye taa tayari tumboni, na ziwa zima linawaka taa za wavuvi kama mji, wala hakuna anayeziita za mashetani. Mjukuu wangu anaye bata mmoja. Hucheza naye ndani, kwenye sakafu kavu. Mimi nakaa nje, nachagua taa moja kule majini, naitazama mpaka nijue kama inatembea.