Sungura Tuliyemwombea Kibaoni

Nyie mnaonijua kama mwalimu wa Kiingereza, nisikilizeni. Juzi gari la sinema lilipofika Kibaoni, mwenye gari aliniomba nitafsiri filamu ya katuni kuhusu familia ya sungura. Nikakubali kwa maringo. Wale sungura walisema haraka mno, nami nikaambulia salamu tu. Filamu yenyewe ilipaswa kuchekesha, lakini watu walipiga miayo.

Mara baba sungura akajilaza kitandani, mkewe na watoto wakamzunguka wakilia. Nikashika kipaza sauti nikatangaza, “Baba amefariki.”

Hapo uwanja ukaamka. Wanaume wakavua kofia, akina mama wakalia, na katekista wetu, mzee Kalisti, akasimama kando ya shuka la sinema kutuongoza katika sala ya marehemu. Hata mimi niliitikia.

Tulipofika “Amina”, baba sungura akapiga chafya, akaketi, akaonyesha tumbo lake na kudai chakula. Hilo halikuhitaji mkalimani.

Uwanja mzima ukanigeukia. Mzee Kalisti akasema taratibu, “Ndugu mwalimu, hebu muulize marehemu, anataka wali au ugali?”